Jogoo Tuliyemla na Vifaranga Wake

Mwaka nilioacha chumba changu cha Nairobi na kurudi Kangundo kumalizia riwaya, kikundi cha kina mama cha mamangu kilikuwa na jogoo mmoja wa pamoja. Alikuwa mweupe, mkubwa kiasi kwamba mbwa wetu alimpisha njia, na miguu yake ilifunikwa manyoya hadi vidoleni kama mtu aliyeazima suruali ya kaka yake. Alizunguka kwa zamu, boma moja baada ya jingine, ili kuku wetu wadogo wa kienyeji wapate watoto wenye miili.

Kulikuwa na sheria. Kabla jogoo wa kikundi hajaingia kwako, wako anachinjwa na wanakikundi wanamla, asibaki mshindani. Halafu jogoo wa kikundi anakula peke yake, kwenye bakuli lake, asije akakonda kwa kugombania makombo. Sheria hizo alizitunga mama. Yeye ndiye aliyeanzisha kikundi, yeye ndiye katibu, na mwandiko wake kwenye daftari la mikutano unapendeza kuliko chochote nilichowahi kuandika mimi.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya mwenyekiti, jirani yetu wa ng'ambo ya shamba la kahawa. Vifaranga wake wanane, alitwambia, walibebwa wote na mwewe kabla hatujawaona. Tulimpa pole. Zamu ya pili ikawa yetu.

Jogoo wetu alikuwa kitu kidogo chekundu chenye shingo tupu, bila unyoya hata mmoja kutoka chini ya kichwa hadi kifuani. Ungedhani kinyozi alianza kumnyoa akaitwa nje, asirudi. Lakini alikuwa na adabu. Akipata mchwa hakummeza. Alimwinua kwa mdomo, akamwangusha, akaita ko-ko-ko, na mitetea wote sita wakaja mbio kama wameitiwa sherehe, yeye akabaki kando akiwatazama wakila. Siku aliyochinjwa nilimwandikia kurasa mbili. Mwenyekiti alipewa firigisi, kwa heshima ya cheo chake, akaitafuna amefumba macho.

Jioni hiyo hiyo jogoo mkubwa aliletwa, amebebwa kwenye kikapu kama mgonjwa. Kesho yake mama akaanza kukusanya mayai. Hakutaka kungoja; alitaka kuwa wa kwanza kuonyesha vifaranga wenye suruali. Yalipofika kumi akamwekea mtetea mmoja aliyekuwa tayari kuatamia.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye veranda na daftari, nikisubiri sura ya saba inijie. Haikuja. Badala yake nilimwona jogoo mkubwa akifanya kazi. Hakuita mtu, hakugawa kitu. Alikula kwenye bakuli lake hadi likabaki jeupe, akafuta mdomo ardhini, akatimua mbio. Ardhi ilitetemeka. Alimfikia mtetea mweusi, akapanda, akashuka, akarudi kwenye bakuli. Mtetea akasimama, akavimbisha manyoya yote, akajikung'uta, na nyuma yake kikadondoka kitone cheupe. Kisha akaenda zake kuoga vumbi. Yule wa madoa alifanya vivyo hivyo. Na yule wa kahawia. Nikaandika kwenye daftari, kwa wino wa kijani: *Mwili nao hulia machozi yake.* Nilijiona nimefika mbali.

Vifaranga tisa walianguliwa. Wote tisa walikuwa na shingo tupu. Miguu nayo tupu kabisa.

Mkutano ulifanyika kwetu. Mwenyekiti alimwinua kifaranga mmoja, akamgeuza kama mtu anayekagua nyanya sokoni.

"Katibu, hii ni nini?"

"Ni kifaranga, Mwenyekiti."

"Naona ni kifaranga. Manyoya ya shingo iko wapi?"

"Itaota."

"Itaota! Na hapa miguuni, suruali pia itaota?" Akamrudisha kikapuni. "Katibu, siku ile tulikula nani?"

"Mlikula jogoo wangu."

"Tulikula jogoo ya mtu mwingine. Yako umeificha mahali."

"Mimi nilisema," akadakia mama mmoja kutoka nyuma. "Ile nyama ilikuwa laini sana. Jogoo mzee haiwi laini hivyo."

"Ni kwa sababu niliipika tangu asubuhi!" mama akasema.

Nikasimama. Nilisema niliona kwa macho yangu jogoo akichinjwa, na kama hawaamini ninaweza kuwasomea kurasa mbili.

"Wewe keti," mwenyekiti akaniambia. "Wewe kazi yako ni kutunga."

Aliyedanganya kikundi alitolewa kikundini. Hiyo pia ilikuwa sheria ya mama, kwenye ukurasa wa kwanza, kwa ule mwandiko mzuri. Sasa alishika kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianze hakuwa akiandika. Alilitazama daftari kama mtu anayetazama nyumba aliyoijenga akiambiwa aondoke. Aliomba siku moja tu. Wakampa.

Asubuhi tulikwenda sokoni kwa daktari wa mifugo, mwanamke mwenye duka la dawa na kicheko kinachosikika hadi stendi. Mama alimweleza yote. Mimi niliongeza habari ya kitone cheupe, nikasoma na sentensi yangu. Daktari akacheka mpaka akashika kaunta.

"Mwaitu," akamwambia mama, kwa heshima ya Kikamba, "hiyo si machozi. Ni mbegu ya jogoo. Kuku akipandwa na mtu asiyemtaka, anaitoa. Anaitema tu, namna hiyo. Na ya yule anayemtaka anaiweka."

"Anaiweka wapi?"

"Ndani. Kuko na vijifuko vidogo huko, mbegu inakaa hai wiki mbili, hata tatu. Ulianza kuokota mayai lini?"

"Siku iliyofuata," mama akasema polepole.

"Basi hao ni watoto wa marehemu. Wamama wao walimtunza mpaka dakika ya mwisho." Akajifuta macho. "Na huyu mkubwa, anawapa nini?"

"Hawapi kitu. Yeye ana bakuli lake."

"Sasa wewe, ungeweka mbegu ya mtu kama huyo?"

Mama alitazama rafu ya dawa za minyoo, akasema yeye ni mtu wa kanisa.

Jioni daktari aliyarudia hayo yote kwa simu, sauti ya juu, mbele ya kikundi kizima. Kina mama walijifunika midomo kwa leso. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alishika tumbo lake.

"Kwa hivyo yule tuliyekula ndiye amezaa," akasema. "Amerudi kudai firigisi yake."

Lakini hakutaka kuamini kwa maneno matupu. Wakakubaliana: bakuli liondolewe, jogoo abaki kwetu, na baada ya wiki moja mama aanze kukusanya mayai mapya. Kila jioni mwenyekiti atakuja kuyatia sahihi, moja moja, kwa kalamu yake mwenyewe. Vifaranga wasipotoka na suruali, katibu anaondoka.

Wiki hiyo niliiweka riwaya kando nikawa mwalimu wa adabu. Asubuhi na jioni nilichuchumaa uani na kopo la mchwa, nikaangusha mmoja mbele ya jogoo, nikaita ko-ko-ko. Siku ya kwanza alimmeza mchwa na kudonoa kidole changu. Siku ya pili vilevile. Wapita njia walisimama kwenye ua. "Huyo ndiye yule alisoma?" mmoja akauliza. Siku ya nne, njaa imemfundisha kutafuta, jogoo alifukua mchwa wake mwenyewe kando ya kuni, akamtazama, akamwinua, akamwangusha. "Ko," akasema, kwa aibu. Mtetea mweusi akageuza kichwa. Nilikaribia kulia. Siku ya sita waliitikia watatu, na mtetea mweusi, baada ya kupandwa, alijikung'uta vumbi tu. Nilikagua ardhi nikiwa nimelala kifudifudi. Hapakuwa na kitone.

Mayai kumi na moja yenye sahihi yaliatamiwa. Siku ya ishirini na moja kikundi kilijaa jikoni kwetu, mama amesimama mlangoni, daftari kifuani. Mwenyekiti aliingiza mkono chini ya kuku, akatoa kifaranga. Suruali. Akatoa wa pili. Suruali. Wote kumi waliotoka walikuwa na manyoya hadi vidoleni. Yai la kumi na moja halikuwa na kitu ila sahihi.

Watu walipiga vigelegele. Mama aliketi chini, pale pale sakafuni, akafungua daftari akaanza kuandika kabla hajatulia pumzi.

Mwenyekiti alichuchumaa karibu naye. Alikohoa.

"Katibu. Wale wangu wanane."

"Wale wa mwewe?"

"Sio mwewe." Akashusha sauti, lakini jiko letu ni dogo. "Walitoka wafupi, weusi, kama yule wangu mzee tuliyekula. Niliona haya. Niliwapeleka kwa dadangu Matuu."

Kila mtu alimtazama mama, naye kalamu ilikuwa tayari mkononi, na ukurasa wa kwanza wa sheria uko pale pale. Mama aliinama akaandika mstari mmoja, taratibu, kwa ule mwandiko wake, akamgeuzia mwenyekiti asome na atie sahihi.

*Kikundi kimeondoa lawama zote dhidi ya mwewe.*