Khadidja na Kompyuta za Hati

Khadidja wa mtaa wa Buyenzi alikuwa na kiburi, na mimi niliyekaa jirani yake miaka yote nikipiga picha za pasipoti nina haki ya kulisema hilo. Meza yake ilikuwa uani, kando ya ukuta wa ofisi ya hati za kusafiria, taipureta juu yake, mwavuli mweusi kichwani. Ulimsimulia shida yako, akachapa ombi, akakusomea kwa sauti, kisha ukatia dole gumba, hata kama sahihi unaijua. Bila dole, watu wetu hawakuamini kwamba ombi ni lao. Wakati wa vita, makombora yalipolia vilimani, mkono mmoja ulishika mwavuli, mwingine ukaendelea kuchapa. Taipureta hiyo ndiyo iliyolea wanawe baada ya kufiwa na mumewe.

Mwaka 2003 likabandikwa tangazo: kuanzia Jumatatu karatasi hazipokelewi tena, maombi yote yanaingizwa kwenye kompyuta, ndani.

"Basi tumekwisha," nikamwambia.

"We ndiyo umekwisha," akanijibu. "Mi naingia."

Jumatatu akaingia kweli. Shefu Népomuscène, mkuu wa ofisi, alicheka mpaka akavua miwani. Lakini alikuwa na shida yake. Kompyuta ziliwaka tangu asubuhi na hakuna aliyetaka kuzikaribia. Watu walikuja, wakiulizwa kilima walikozaliwa wanarudi nyuma. Nani angewalaumu? Siku zile za vita jina la kilima lilionyesha wewe ni mtu wa upande gani, liliweza kukupeleka kaburini, na sasa karani analichapa mahali usipopaona.

"Mama Khadidja," Shefu akasema, "leta mutu mumoja tu. Ombi yake ikiingia mbele ya saa sita, kazi ni yako. Isipoingia, unabeba mashini yako unarudi nyumbani."

Akamleta Mzee Astère wa Ngagara, ambaye binti yake Carmen alikuwa amejifungua Uvira, ng'ambo ya mpaka wa Gatumba, naye alitaka kwenda kumwona mjukuu. Mimi nikaitwa nilete picha zake, nikabaki nione.

Mwanzo ulikuwa kichekesho. Kwenye nafasi ya jina Khadidja akachapa kama alivyozoea: kwa heshima na taadhima, mimi mwombaji, nawasalimu wote wa ofisi hii. Kompyuta ikakata salamu katikati, ikalia. Makarani wakacheka. Yeye akafuta herufi moja moja, uso umekunjamana, akaanza upya.

Wakafika kwenye kilima. Mzee akarudi nyuma hatua moja.

"Muzee, kuna nini?" Khadidja akauliza.

"Sioni kwenye unaandika. Na dole yangu mi nitaitia wapi?"

Khadidja akasimama, akakikamata kioo cha kompyuta kwa mikono miwili, akakigeuza mpaka nyaya zikavutika. Karani mmoja akapiga kelele kwamba kitaanguka. Hakumsikiliza. Akavuta kiti, wakakaa bega kwa bega kama uani, akamsomea kila neno lililoandikwa. Mzee akaliona jina lake. Akainama, akamnong'oneza kilima chake, na Khadidja akakichapa bila kukitamka.

"Sasa dole." Akaushika mkono wa mzee, akauweka juu ya kitufe cha kutuma. "We mwenyewe. Bila we kufinya, haiendi."

Mzee akafinya kwa nguvu zote. Kisha printa ikanguruma upande wa pili wa chumba, ikatoa stakabadhi yenye jina lake.

"Imefika?"

"Imefika, muzee."

Nilishangilia, mimi mtu mzima na mvi zangu. Astère akatoka uani ameinua dole gumba, akitangaza: "Unafinya mwenyewe! Mi nimefinya mwenyewe!" Watu wote wa uani wakahamia mlangoni.

Saa sita ilikuwa bado. Viti vya ofisi Khadidja alivikataa, akasema vinazunguka kama walevi, kwa hiyo Shefu akatoka juani na kubeba kile kiti chake cha mbao yeye mwenyewe. Mwavuli nikaachiwa mimi. Nilikaa chini yake peke yangu, nikimwonea fahari, na kutoka dirishani nikasikia sauti yake, kiburi kile kile:

"Anayefuata! Kuja na dole yako!"