Baba Hashikwi kwa Kosa la Mwanawe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwepo. Nilikuwa msichana wa sekondari, hapa hapa Getanuwas. Kaka yangu Daudi alipigana na mtu mnadani, akakimbilia kwa wajomba zetu kule Nambis. Askari walipofika nyumbani wakamkosa, wakamchukua baba. "Kijana akijileta, mzee atatoka," wakasema. Baba alikuwa akikamua ng'ombe. Aliondoka mikono ikiwa bado na maziwa.

Sisi tulilelewa hivi: mkubwa akikukasirikia, omba radhi kwanza, mengine baadaye. Basi nikaenda kituoni, nikamwamkia askari wa kaunta, nikapiga magoti nikilia. "Afande, tusamehe, baba hatarudia tena." Hatarudia nini? Hata mimi sikujua. Nikamsikia baba akikohoa kule mahabusu, nikajua amenisikia. Bado inaniuma.

Dada yake baba, shangazi Marta, ndiye aliyenisindikiza. Mwanamke asiye na haraka kabisa, hata kuku wake hawakuwahi kumwona akikimbia. Akaninyanyua. "Inuka wewe. Ukimwombea msamaha si unasema amekosa?" Kisha akamgeukia askari kwa upole.

"Pole na kazi, afande. Kaka yangu ameshikwa kwa kosa gani?"

"Shikamoo mama. Ni kijana wake anatafutwa."

"Marahaba. Kijana ni mtu mzima, mtafuteni. Mimi nauliza kosa la huyu."

Askari akamwita mkuu wa kituo. Mkuu naye akamuuliza askari kosa la baba, akaambiwa tu kwamba kijana anatafutwa. Baba akafunguliwa.

Mimi nilitaka twende zetu upesi. Baba akagoma mlangoni, mkanda wake aliorudishiwa ukiwa mkononi. "Watu wameniona nikiingizwa. Semeni mbele yao nilikosa nini."

Mkuu akawatazama waliokaa kwenye benchi. "Hukukosa kitu, mzee. Tuwie radhi."

Ndipo baba akavaa mkanda wake, taratibu, akatoka. Kesho yake Daudi alijipeleka mwenyewe pamoja na mjomba, akapewa dhamana bila kutoa hata senti.

Mwanangu, askari tunawahitaji, hasa sisi wenye mifugo. Waheshimu, usiwatukane, usiwakimbie. Lakini ujue kwamba sheria haimshiki mama wala baba ili mtoto apatikane. Akikamatwa mtu wako, uliza kosa lake, na kama halipo, usilitengeneze wewe kwa machozi yako. Dhamana ya polisi hainunuliwi. Saa ishirini na nne zisipite bila kuachiwa au kufikishwa mahakamani. Zikipita, muone mkuu wa kituo, tafuta msaada wa kisheria, usikae nyumbani ukisubiri huruma. Na kama kosa ni lako, nenda mwenyewe. Usimwache mzazi alale sakafuni kwa ajili yako.

Mungu akupe adabu na ujasiri pamoja. Wazazi wako wazeeke bila mtu kuwaonea, na siku ukiulizia haki yao, sauti yako isitetemeke.