Kontena Lililofunga Daraja

Sughran Bibi alikataa kutia dole gumba, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Baba yao alipofariki, kaka yake Riaz aliwaketisha wazee watano wa ukoo uani, akaleta karatasi na wino, ili dada amwachie fungu lake la shamba kama wafanyavyo dada wema huku kwetu. Hao dada wema mimi nimewaona wakizeeka huku wakiomba nauli. Sughran aliufunika ule wino, akawauliza wazee kama watakunywa chai.

Fungu lake akaliuza, na kwa pesa ile akaagiza kontena la sola: chumba kizima cha chuma, betri zimepangwa ndani, paneli zinavutwa nje kwa reli kama droo ya kabati. Mji mzima wa Kot Sajjan ulicheka mpaka ukashika mbavu. Riaz alizunguka madukani akisema, "Dada yangu kabadilisha udongo wa baba kwa kopo la bati."

Kopo la bati! Kama kwamba yeye ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya friza zilizozimika. Sughran ana kiwanda kidogo cha kulfi, ile aiskrimu ya maziwa yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, na kiangazi mgao wa umeme unamla nusu ya siku. Mwaka jana aliimwaga mtaroni kulfi ya harusi nzima huku analia. Mwaka huu jenereta lilikufa kabisa. Friza zilikuwa zimejaa, zinashikiliwa na mabonge ya barafu ya kuazima. Kontena lisipofika siku iliyoahidiwa, mzigo wote unaharibika, na Riaz anapata la kusema maisha yake yote.

Asubuhi ya siku hiyo dereva wa trela lililolibeba, Gulzaman, akapiga simu.

"Dada, wamelichukua."

"Nani?"

"Polisi. Wamefunga daraja la mto Chenab kwa kontena letu."

Kwetu hilo halimshangazi mtu. Chama fulani kikitangaza maandamano ya kwenda mji mkuu, polisi hukamata kila kontena linalopita na kulilaza katikati ya barabara. Madereva wenye akili hujificha vichochoroni siku hizo. Gulzaman alijiona mjanja kuliko wenzake.

Sughran akadandia trekta la jirani. Darajani alilikuta kontena lake jipya limekingama barabarani, na Inspekta Cheema ameketi kwenye kivuli chake, anajipepea kwa kofia.

"Afande, hilo ni langu."

"Na barabara ni ya serikali, mama. Maandamano yakiisha utapewa."

"Yataisha lini?"

"Waulize wanaoandamana."

"Lina betri ndani, afande. Si boksi la viatu."

"Kwangu mimi ni chuma kizito, basi."

Riaz naye alishafika na pikipiki yake, maana habari mbaya hazimpiti. Alitabasamu tu, na tabasamu lile ndilo lililompandisha Sughran hasira mpaka masikio yakawaka moto. Akamgeukia fundi wa kampuni ya sola, aliyesafiri na mzigo.

"Funguo unazo?"

"Ninazo."

"Lifungue."

Cheema akainuka. "Mama, si nimesema lisiguswe?"

"Umesema lisiondoke. Haliondoki. Nafungua duka pale pale ulipoliweka."

Paneli zikavutwa, safu ndefu kando ya barabara. Gulzaman akatumwa na trekta kufuata friza, na kufika adhuhuri zilikuwa zinanguruma darajani. Abiria waliokwama juani tangu alfajiri, simu zimezima na watoto wanalia, wakaanza kusogea. Akaja hata bwana harusi na msafara wake mzima, kilemba kimemkaa upande. Sughran aliuza kulfi, simu watu wakachaji bure. Askari nao walikula mmoja mmoja, wakimpa mgongo mkubwa wao.

Sasa, amri ya siku ile ilikuwa kwamba watu wasikusanyike zaidi ya wanne. Simu ya Cheema ikalia. Aliisikiliza amesimama wima, jasho linamtiririka, kisha akaja taratibu.

"Mama, wakubwa wanauliza huu mkutano ni wa chama gani."

"Waambie chama cha kulfi."

"Usinitanie. Watawanye hawa."

"Wamefuata umeme. Ondoa umeme, wataondoka. Mimi kreni sina."

Alasiri kreni ile ile iliyoliteremsha ikalinyanyua kontena na kulirudisha juu ya trela. Gari la polisi likatangulia kulisafishia njia hadi kiwandani. Kulfi haikuyeyuka hata moja. Darajani waliweka malori ya mchanga, na mwenye mchanga shauri yake.

Wiki ile ile umeme ukakatika moja kwa moja. Nyumba ya Riaz inapakana ukuta na kiwanda, na usiku alikuwa anazisikia friza za dada yake zikinguruma huku yeye anajipepea kwa gazeti. Akaja mlangoni na waya mrefu begani, sauti imeshuka.

"Dada, laini moja tu. Feni ya watoto."

"Watoto walete walale kwangu leo hii. Huo waya ni jambo jingine."

"Jambo gani?"

"Shamba uliniomba mbele ya wazee watano. Waya niombe mbele ya hao hao."

Aliondoka akitukana. Watoto walikuja na mito yao, wakalala fofofo.

Kesho yake jioni vitanda vya kamba vilipangwa uani kwa Sughran, na wazee wale wale watano wakaketi, feni ikiwapepea ndevu. Riaz alisimama katikati na waya wake. Akakohoa, akaanza kunong'ona kitu.

"Sema kwa sauti, kaka," Sughran alimwambia, akimimina chai. "Mzee Barkat hasikii vizuri."