Soli ya Kiatu cha Baba Mbele ya Askofu

Sipendi kuisimulia hii, na dada zangu wakianza kuicheka huwa natoka nje, lakini leo mmenibana, basi niseme: mimi ndiye niliyemwaibisha baba yangu mbele ya kanisa zima kule kwetu Vidunda, na nilianza na sabuni ya unga.

Baba alikuwa katekista tangu sijazaliwa. Jumapili ile alikuwa anastaafu na kuagwa, na Baba Askofu mwenyewe alikuwa anapanda mlima kuja kumwombea, kwa hiyo nikaomba ruhusa kazini Mikumi, nikanunua chupa ya samli kwa mama mmoja wa wafugaji pale sokoni (baba anapenda kuitia kwenye wali), nikafika nyumbani Jumamosi asubuhi. Nilimkuta uani ameshika viatu vyake vya ngozi, vile vyeusi vya kamba alivyonunuliwa na marehemu mama alipoanza utumishi, ambavyo havijawahi kwenda shambani wala sokoni, na kila Jumamosi huvifuta kwa kitambaa kikavu, akavipaka dawa ya viatu kidogo kwa kidole, basi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Afadhali umekuja, macho yangu hayaoni tena vumbi. Nifutie hivi, mimi niende kanisani kupanga viti. Futa tu, usizidishe."

Nikazidisha. Mimi Mikumi nafanya usafi kwenye nyumba ya wageni (shuka zangu ni nyeupe, waulizeni), na nilipoona weusi umeganda kwenye mishono nikasema haiwezekani baba yangu apige magoti mbele ya Askofu na uchafu wa miaka yote hiyo. Nikavitumbukiza vyote viwili kwenye beseni, sabuni ya unga, brashi ya kufulia, nikasugua, maji yakawa meusi na mimi nafurahi, kumbe ile ilikuwa rangi na mafuta ya ngozi yanakwenda zake. Halafu ukungu ukashuka, jua hakuna, nikaviegemeza karibu na mafiga, nikaenda kuchambua mchele.

Nilishtuliwa na harufu. Ngozi imekakamaa, imepasuka pale mguu unapokunjia, na soli ya kulia imeachia kwa mbele. Mwenye akili angemkimbilia baba akaungama, lakini mimi nikakumbuka yule mama wa samli aliniambia kwao mikanda ya ngozi hulainishwa kwa mafuta ya ng'ombe, nikachukua samli, nikapaka, ngozi inakunywa, nikaongeza, hadi nusu chupa. Vikang'aa! Soli nikaibandika kwa ile gundi ya kuzibia tyubu za baiskeli, juu ya samli hiyo hiyo (msinitazame hivyo). Baba aliporudi akavigeuza geuza, akasema, "Umeviweza, mama." Nilijisikia mtoto bora kuliko wote.

Asubuhi, njiani, mbwa wa jirani akatufuata. Baba akacheka, "Hata mbwa leo ananiaga." Mimi niliyejua anafuata samli nikaharakisha mwendo.

Sasa, mtu akipiga magoti mbele kanisani, nyayo zake zinawatazama waumini. Baba alipiga magoti, na mimi nikiwa benchi la kwanza nikaiona soli inafunguka taratibu. Askofu akamwekea mikono kichwani, akasema, "Na tuombe," watu wote wakafumba macho isipokuwa mimi na yule mbwa, ambaye alipita katikati ya mabenchi kimya kabisa, akafika, akaanza kulamba. Baba akatetemeka mguu. Lakini utafanyaje na mikono ya Askofu iko kichwani?

Ningemwacha alambe aende zake. Badala yake nikanyata, nikamnong'oneza, "Toka! Toka we!" Mbwa akaing'ata soli, akavuta, mimi nikavuta kiatu, ikachanika kwa mlio ulioipita sala, nikaanguka matakoni nimekumbatia kiatu cha baba, na mbwa akatoka mlangoni na soli yake. Kwaya ndio waliotangulia kucheka. Kisha kanisa zima.

Baba alikuwa ameandika maneno ya kuaga kwa mwezi mzima. Alisimama, akageuka, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi iliyolowa mate, akafungua karatasi, akasema, "Bwana asifiwe," na hakuna aliyeweza kuitikia kwa sababu ya kicheko. Akasubiri. Kisha akaikunja karatasi ile, akaitia mfukoni, akarudi kukaa. Miaka yote aliyowazikia wafu wao na kuwafundisha, hawakusikia hata sentensi moja ya kwaheri yake, na karatasi hiyo mimi mpaka leo sijaiona.

Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Nimemnunulia viatu vingine, vya ngozi nzuri, anavivaa, ila siku hizi anakaa benchi la nyuma.

Mwezi uliopita nilipanda tena, nikamkuta navyo mapajani Jumamosi, nikanyoosha mkono. Akavisogeza upande wa pili, kwa upole kabisa.

"Acha, mama. Nitafuta mwenyewe."

Nikakaa, nikamwona anafuta mahali ambapo ni pasafi, na vumbi analiacha. Nimeapa sitagusa tena kiatu cha baba mpaka aniombe. Hajaniomba.