Maji ya Kuchemsha ya Carama

Mwavita binti Hamimu alikuwa na kichwa chepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kule Buyenzi, mtaa wao wa mjini, majirani wa gereji ya baba yake walimwita daktari kabla hajavaa hata blauzi nyeupe ya shule ya wauguzi, na yeye, tusimfichie, alipenda kuitwa hivyo. Somo la kwanza alilikariri kama sura ya Korani: afya si kukosa ugonjwa tu, bali mwili, akili na maisha ya mtu na wenzake viwe sawa. Madamu Dévote, mwalimu wao, aliongeza kwamba kabla ya kumshauri mtu, umuulize kwanza anaishi vipi. Hilo Mwavita aliliandika, akalipigia mstari, akaendelea na mengine.

Mwaka wa 1996 wanafunzi walipelekwa Carama, pembezoni mwa mji, kufanya mazoezi, kwenye kituo kidogo cha afya kilichozungukwa na mahema ya watu waliokimbia vita. Asubuhi moja foleni ilikuwa ndefu, na gari la kuwarudisha mjini lilikuwa likiondoka mapema kwa hofu ya barabara. Epiphanie, msichana wa rika la Mwavita mwenyewe, alimleta mwanawe wa miezi minane aliyekuwa akiharisha, macho yamedidimia.

Mwavita alimpima mtoto, akamchanganyia maji ya chumvi na sukari, akamwonyesha mama namna ya kumnywesha kwa kijiko. Hapo alifanya kazi nzuri, hakuna wa kumnyima sifa. Kisha akauliza wanakunywa maji gani.

"Ya mutoni," Epiphanie alijibu.

"Mama, ile maji ndiyo inamuuwa mutoto. Uchemshe kila siku, itokote kabisa. Usipochemsha, utamuzika."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Apana kuacha."

Epiphanie alibaki amesimama kidogo, kama mwenye neno. Mwavita alikwisha kumwita anayefuata. Mchana Madamu alimsifu kwa kuhudumia watu wengi, naye akarudi nyumbani kifua mbele.

Laiti angemngoja yule mama. Kila mtu kambini alijua kwamba kuni za karibu zimekwisha, na zilizobaki ziko vichakani, ng'ambo ya mashamba, ambako wanajeshi na waasi waliwindana na kumpiga risasi yeyote aliyejitokeza. Watu walipika mara moja kwa siku, kwa mabua ya mahindi. Na pale kituoni palikuwa na sanduku la vidonge vya kusafishia maji, vya kuwapa wasio na kuni. Mwavita alilijua sanduku hilo. Hakuuliza tu.

Wiki iliyofuata mtoto alirudi akiwa mgongoni mwa bibi yake, mama mzazi wa Epiphanie. Alikuwa amechangamka, macho yamerudi mahali pake. Mwavita alifurahi kweli, akamchezea vidole.

"Mama yake iko wapi?"

"Walimupiga risasi juzi, kule alienda kutafuta kuni." Bibi hakuinua sauti. "Alichemsha siku ine, vile ulimwambia. Tulimukataza kwenda. Akasema muforoma amesema asipochemsha atamuzika mutoto."

Muforoma, muuguzi, ni yeye. Mwavita akakaa sakafuni mbele ya foleni nzima. Alijichukia siku ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu mwenye bunduki. Alitaka kuomba msamaha, akashindwa.

Bibi alimngoja. Kisha akamkaza mtoto vizuri ndani ya kitambaa, akamwinamia kwa heshima.

"Mwanangu, maji imeisha jana," alisema. "Sasa kuni nitaenda kutafuta mi mwenyewe. We niambie tu, inatokota dakika ngapi?"