Ushauri wa Juu ya Pikipiki

Kwetu Didia, anayetaka kukushauri kuhusu ng'ombe huingia kwanza zizini, akakanyaga mavi na kumshika mnyama mgongoni. Asiyefanya hivyo tunamwitikia kwa adabu tu.

Ndivyo nilivyomwitikia afisa mifugo. Alisimamisha pikipiki nje ya ua, hata injini hakuzima, akaniambia, "Mama, huyo mtamba bado mdogo. Usimpandishe mwaka huu." Nikasema asante, moyoni nikasonya. Amejuaje, na hajamgusa?

Jirani yangu aliingia, akampapasa nyonga, akasema yuko tayari. Huyo nikamsikiliza. Hata dume lililompanda lilikuwa lake.

Tumbo likakua, mtamba mwenyewe hakukua. Siku ya kuzaa alisukuma tangu alfajiri mpaka jua likawa kali, na ukwato mmoja tu ukachungulia. Jirani hakupokea simu.

Nikampigia afisa, akaja. Safari hii alizima pikipiki, akaingia zizini, akamshika nyonga kwa muda mrefu. Nikamsogelea, siku hiyo ningesikiliza lolote.

Hakunishauri kitu. Aliniomba kamba na kisu cha kuchinjia.