Wimbo Niliouweka Siku ya Kumaliza Kilio

Kosa ni langu, si la simu. Hapa Rumonge, Mama Chantal alikuwa anamaliza kilio cha bwana yake, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaniomba muziki wa heshima. Nikaweka kwenye simu yangu wimbo wa Kifaransa wenye tarumbeta na sauti nzito, kama wa kanisani. Kifaransa changu ni kidogo. Watu wakainamisha vichwa, nami nikaongeza sauti.

Mwalimu mmoja akaanza kutetemeka. Nilidhani analia.

“Kaka, huu ni wa kuchekesha,” akaninong'oneza. “Umetoka kwenye riwaya ya majoka. Kijitu kifupi kinaliomba joka likirudishie suruali.”

Nikauzima mbio.

“Papa, mbona unazima?” Mama Chantal akauliza huku anafuta machozi.

Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia yote, mbele ya watu wote.

“Suruali?” akasema, akaangua kicheko. “Basi, uweke tena.”